Nilivyoposa Nikiwa Tumboni mwa Mamba

Watu huposa sebuleni. Wengine huposa kwa simu, wakikosa adabu kidogo. Mimi niliposa nikiwa tumboni mwa mamba.

Usicheke bado. Ngoja nikusimulie kwa mpangilio.

Naitwa Nchagwa. Kwetu ni Kegonga, Ukuriani, lakini riziki yangu iko mjini Migori, ambako natengeneza simu kwenye kibanda kilichobanwa kati ya kinyozi na muuza viatu. Kama simu yako ilianguka chooni na ikapona, huenda ilipitia mikononi mwangu. Sikukuuliza ilianguka wapi, ila nilijua.

Mchumba wangu anaitwa Lynnet. Ni Mjaluo wa Homa Bay, anauza kwenye duka la dawa karibu na hospitali. Yeye hajui Kikuria, na Kijaluo changu mimi ni cha kununulia samaki tu. Kwa hiyo tunapendana kwa Kiswahili. Tukigombana pia ni kwa Kiswahili, ingawa hapo huwa anachomekea Kijaluo katikati ili nisijue nimetukanwa kiasi gani.

Wakati huo ilikuwa imebaki wiki moja wazee wangu waende kwao kujitambulisha.

Shida ilikuwa moja. Baba yake Lynnet alishafariki, kwa hivyo neno la mwisho lilikuwa la mama yake, Mama Priscah. Na Mama Priscah alikuwa hajalitoa.

Alimwambia binti yake hivi: "Waache wakuje. Chai nitapika. Lakini mimi sijasema ndio."

Nikamuuliza Lynnet kinachomsumbua mama ni nini. Ni kabila? Ni kibanda changu? Ni sura?

"Hajasema."

"Si umuulize."

"Muulize wewe, si wewe ndiye unaoa."

Alikuwa ananichokoza tu, maana alijua haiwezekani. Kwa Wajaluo, mkwe na mama mkwe hawazoeani. Hamshikani mikono ovyo, hamli mkitazamana, na kabla ya siku ya kujitambulisha ni afadhali hata msipishane njiani. Sisi Wakuria nasi tuna heshima hiyo, tena ya kwetu ni kali. Nikiwa mdogo nilimwona mjomba wangu, mtu mzima na ndevu zake, akirukia shamba la mahindi kwa sababu mama mkwe wake alikuwa anakuja na debe la maji.

Kwa hiyo nilikuwa nimelelewa vizuri. Vizuri kupita kiasi, kama utakavyoona.

Jumamosi hiyo Lynnet alitaka picha. Alisema wachumba wote wa rika letu wana picha mtandaoni, ni sisi tu tunaonekana kama mashahidi wa kesi. Nikapanda gari mapema nikamfuata Homa Bay, nimevaa suruali yangu ya buluu iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe.

Upande ule kuna bustani moja ya visukuku. Jina nitalihifadhi, kwa sababu bado nataka waniruhusu kuingia. Ina chumba kimoja cha mifupa ya wanyama wa zamani sana, mifupa ambayo imekaa ardhini mpaka ikageuka mawe. Nje, kwenye nyasi, wamejengwa wanyama wenyewe kwa waya na saruji, wakubwa kama walivyokuwa enzi zao.

Aliyetuzungusha alikuwa kijana mmoja mcheshi aitwaye Clifford.

Wa kwanza alikuwa tembo wa kale. Pembe zake zimeota kidevuni na kuelekea chini. Lynnet alimtazama kwa muda mrefu.

"Huyu alikuwa anakula aje bila kujidunga?"

Clifford akasema hata wenye kusomea mambo hayo bado wanabishana.

Tukafika kwa nyani mkubwa aliyekaa kwenye mwamba, mikono juu ya magoti, amenuna. Lynnet akaniambia nimsimamie kando, akatutazama kwa zamu, kisha akasema sasa anajua ukoo wetu ulianzia wapi. Clifford akageuka pembeni kucheka kwa heshima.

Kisha tukafika kwa mamba.

Wee! Yule mamba ni mrefu kuliko nyumba niliyopanga. Mdomo ameupanua, na ndani ni mtupu, maana amejengwa watoto waingilie mdomoni na kutokea mkiani. Siku hiyo mkia ulikuwa haujakamilika. Mafundi walikuwa wameuziba kwa mawe.

Clifford akaitwa getini. Kundi kubwa la wageni lilikuwa limefika. Lynnet akaanza kunipanga mbele ya meno ya mamba: simama hivi, tabasamu, usitabasamu, funga mdomo. Ghafla akashusha simu.

"Nchagwa."

"Nini?"

"Ni mama."

Nikageuka. Kina mama wa kanisa walikuwa wanakuja kwenye nyasi, vitambaa vyeupe kichwani, mikoba kwapani. Walikuwa na semina yao mjini, na kumbe semina imefungwa kwa matembezi. Aliyetangulia mbele, mnene kidogo, anatembea kama mwenye shamba, ndiye niliyekuwa namwona kwenye picha tu.

Mtu mwenye akili angetembea taratibu kuelekea kwa tembo na kujifanya mgeni wa kawaida. Hakuna aliyekuwa ananijua.

Lakini mimi ni mtoto wa Kegonga. Mama mkwe akitokea, unaruka. Mahindi hayakuwepo. Nikarukia mamba.

Kichwa kiliingia, mabega yakaingia, kisha mkanda wangu ukanasa kwenye jino. Nikapiga miguu hewani. Lynnet akanisukuma kwa goti, mkanda ukaachia, nikatua tumboni kwa kifua.

Ndani kulikuwa na mbuzi.

Alikuwa amelala pale kwenye ubaridi, anatafuna. Akanitazama kama mwenye nyumba anavyomtazama mpangaji aliyechelewa, kisha akaendelea na mambo yake. Nikajisogeza mpaka mwisho, karibu na mawe ya mkiani. Ubavuni kulikuwa na tundu dogo la kuingiza hewa, na kupitia hapo nilisikia kila kitu.

"Lynnet! Kwani wewe hauko kazini?"

"Nimepewa ruhusa, mama."

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

"Na nani anakupiga picha?"

Lynnet akakohoa.

"Nilikuwa nampiga mamba," akasema Lynnet.

"Ahaa. Haya, enda utununulie soda. Na nyinyi wengine, mwende mkaone ile ndovu, inasemekana ilikuwa mzee sana. Mimi miguu inauma. Trizah, wewe kaa na mimi hapa."

Nilisikia wakiketi. Hawakuketi mbali. Waliketi chini, migongo yao imeegemea ubavu wa mamba, na kitambaa cheupe kikaziba nusu ya tundu langu. Tulikuwa tumetenganishwa na saruji tu, mimi na mama mkwe wangu. Nikaacha hata kumeza mate.

Walianza kwa Kijaluo. Nilishika neno moja moja: semina, sukari, pasta, goti. Nikatulia kidogo. Nikajiambia watapumzika, watakunywa soda, wataondoka, na mimi nitatoka na siri yangu na mbuzi wangu.

Kisha Mama Priscah akakohoa, na akaanza kuongea Kiswahili.

"Sasa Trizah, nataka kukuambia juu ya huyu kijana ya Lynnet."

"Kwani leo tunaongea Kiswahili?" Trizah akashangaa.

"Nyamaza usikie."

Wewe msomaji, najua ushaelewa. Mimi kule ndani nilikuwa namshukuru Mungu kwa kunitafsiria.

"Mimi sina shida na yeye," Mama Priscah akasema. "Nasikia hanywi pombe. Nasikia ana heshima, hata imezidi. Kazi yake ni ya mkono, lakini ni kazi. Si ati namchukia."

"Sasa shida ni nini?"

Nilisikia akivunja kijiti.

"Ni wasichana."

"Wasichana gani? Ana wengine?"

"Wajukuu wangu, Trizah. Wale watazaliwa. Huko kwao kuna ile kitu ya kukata wasichana. Sisi huku hatuijui hiyo kitu. Mimi nimezaa Lynnet, nikamlea, hakuna mtu alimgusa na kisu. Sasa aende huko azae msichana, Desemba ifike, shule zifungwe, wamama wa huko wakuje na nyimbo. Nani atasimama kwa mlango?"

"Lakini si waliacha? Si serikali ilikataza?"

"Wengi wameacha. Na wengine wanafunga mlango kwanza. Mimi silali, Trizah. Tangu Lynnet alete hiyo jina, mimi silali."

Nakuambia ukweli, pale utani wote uliniisha. Nilikuwa nimewaza kabila, nimewaza pesa, nimewaza mpaka sura yangu. Hilo sikuliwaza. Kumbe mwanamke huyu alikuwa anawalilia watoto wangu kabla mimi mwenyewe sijawafikiria. Nilimpenda pale pale, na aibu ikanishika kwa wakati mmoja.

"Sasa mtu akimuuliza huyo kijana," akaendelea, "atasema nini?"

Trizah akasema hajui.

"Sijauliza wewe."

"Unauliza nani?"

"Nauliza mamba." Akagonga saruji kwa kiganja, pa pa. "Wewe wa huko ndani. Utakaa huko mpaka Krismasi?"

Nilimtazama mbuzi kama mtu anayetafuta wakili. Mbuzi akalia mee, akageuza uso.

Nilitafuta neno la adabu kuliko yote ninayoyajua. Likaja moja ambalo sijawahi kulitumia tangu shule ya msingi.

"Shikamoo, mama."

"Uuuwi!" Trizah akaruka. "Yawa, mamba inaamkua! Priscah, mamba inaamkua watu!"

Nilisikia miguu yake ikikimbia kwenye nyasi kuelekea kwa tembo. Mama Priscah hakusogea.

"Marahaba," akasema. "Usitoke. Ukitoka tutaonana, na mimi na wewe hatutakiwi kuonana. Ongea ukiwa huko huko."

"Mama, ulijuaje?"

"Nilikuona ukiingia. Kichwa ilikuwa ndani, lakini suruali ya buluu ilikuwa nje inahangaika. Binti yangu anasukuma mtu na goti, na mimi niseme sijaona? Nikasema, Nyasaye, Mungu wangu, ni mwema. Kitu siwezi kuuliza huyu kijana uso kwa uso, nitamuuliza akiwa hapo. Sasa jibu. Nimeuliza swali."

Kwa hiyo kile Kiswahili chote kilikuwa changu. Miguu haikuwa inamuuma hata kidogo.

Nikajikusanya. Jasho lilikuwa linaniingia machoni.

"Mama, mimi nina dada. Anaitwa Robi. Yeye alipitia hiyo. Hajawahi kunisimulia. Ila tangu hapo, Desemba ikifika na nyimbo zikianza mbali huko, anaingia ndani anafunga madirisha. Mtu mzima na watoto wake. Nimeliona hilo kila mwaka."

Nikasogeza mdomo karibu na tundu.

"Nikipata binti hakuna atakayemgusa. Si shangazi, si bibi, si ukoo. Nitalala mlangoni mimi mwenyewe. Na nakuomba unipe Lynnet."

Ndiyo hivyo. Ndivyo nilivyoposa. Bila koti, bila wazee, magoti kwenye mavi ya mbuzi.

Nilingoja. Nilimsikia akivuta pumzi, na nadhani alifuta macho, maana kile kitambaa kilisogea kwenye tundu.

"Umeongea vizuri," akasema. "Lakini hayo nimesikia kutoka kwa mamba. Mimi nataka kuyasikia kutoka kwa mtu. Wiki ijayo, kwa boma yangu, mbele ya baba yako na hao wazee wenu. Ukisema hapo, nitasema ndio. Ukinyamaza, kunyweni chai mrudi Kegonga."

"Mama, kijana haongei wazee wakiwa wameketi."

"Najua."

Akainuka. Lynnet alikuwa amerudi na soda, nikamsikia akigugumia maelezo ambayo hakuna aliyeyaomba. Mama yake akamwambia anyamaze. Kisha nikaona mkono, mkono tu, ukiingia mdomoni mwa mamba na kuweka chupa moja baridi kati ya meno.

"Hiyo ni ya mbuzi," akasema. "Na usitoke mpaka nipite ndovu."

Sikutoka mpaka Lynnet alipokuja kunivuta miguu. Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Picha tuliyopiga baadaye bado ninayo: nina unga wa saruji kwenye nyusi, na suruali ya buluu haitambuliki.

Wiki ile sikulala. Nilivunja vioo viwili vya simu za watu nikiwaza. Kumwambia mama mkwe gizani ni jambo moja. Kulisema mbele ya Mzee Mniko, baba yangu, na wazee wa ukoo, na juu ya wote shangazi yangu Nyangi, ambaye mila zote anazo mdomoni, ni jambo jingine kabisa. Kwetu mtu akisema hivyo hadharani anaonekana amewatukana mama zake wote waliopitia. Kuna watu wametengwa kwa hilo. Na baba yangu ni mtu asiyependa kelele wala aibu.

Siku ikafika. Tuliketi kwenye nyumba ya kina Lynnet, sisi upande huu, wao upande ule. Msemaji wao alikuwa mjomba wake, Maurice. Mama Priscah hakuonekana. Alikuwa jikoni, nyuma ya pazia, kama inavyotakiwa. Pazia lilikuwa halitikisiki hata kidogo, na nilijua ni kwa nini.

Wazee wakasalimiana, wakataniana, wakasema juu ya mvua. Maurice akauliza kama kuna neno kabla ya kuingia kwenye mambo ya ng'ombe.

Nikasimama.

Baba akanitazama. Shangazi akanivuta shati. Niliwaza niseme tu asante kwa chai na niketi.

Nikasema.

Nilisema kwa ufupi, na sauti ilinitetemeka kama ya mtoto anayekariri kanisani. Kwamba nikijaliwa binti na Lynnet, hatakatwa. Kwamba nalisema mbele yao wote ili kesho asiwepo wa kusema hakusikia. Nikaketi.

Shangazi Nyangi ndiye aliyeanza. "Ala! Tumeleta kijana kuoa, kumbe ameshaolewa yeye."

Wazee wawili wakacheka bila raha. Mmoja akatema neno la Kikuria ambalo sitaliandika hapa. Nikamwona baba akiokota kofia yake kwenye goti na kusimama. Lynnet, aliyekuwa mlangoni na trei ya vikombe, akafumba macho. Nilijua tunaondoka.

Baba hakwenda mlangoni.

"Robi alilia," akasema.

Alisema kwa Kiswahili, ili wote wasikie. Alikuwa anaizungusha kofia mikononi.

"Mimi nilikuwa nje na wazee. Nilisikia sauti yake. Nikasema ni mila, itaisha tu. Haijaisha. Msichana wangu akinipa chai mpaka leo haniangalii kwa macho. Hilo neno amesema huyu, mimi nimekaa nalo hapa." Akagusa koo. "Nilikuwa naogopa hawa." Akawaonyesha wazee wake. "Na nilikuwa naogopa huyu." Akamwonyesha shangazi, dada yake. "Sasa mtoto amesema. Msichana wa Nchagwa hatakatwa. Mwenye shida na hilo, aanze na mimi."

Akaketi.

Nilikulia nyumba moja na mzee huyu, nikidhani yeye ndiye ukuta nitakaoupiga kichwa. Tulikuwa tunaogopana. Nililia pale mbele ya wakwe, na sioni haya kusema.

Kutoka jikoni kikapanda kigelegele. Kimoja tu, kirefu, cha mtu aliyekuwa amekizuia kwa muda.

Baba akainua kichwa. "Ni nani huyo?"

"Ni mama ya msichana," Maurice akajibu.

"Mwambieni nimemsikia."

Shangazi alinuna mpaka kuku alipoletwa. Alipofika kwenye firigisi akaanza kuulizia hali ya mvua huko kwa kina Lynnet.

Funzo ni hili, na nakupa bure. Jambo unaloogopa kulisema nyumbani, usidhani ni lako peke yako. Huenda aliye kando yako amelimeza miaka, anangoja mwenye koo jepesi aanze. Basi anza wewe.

Na kwa wale mtakaouliza kwenye maoni kama mama mkwe, kwa furaha ile yote, alitupunguzia ng'ombe: hakupunguza hata ndama.